Wivu wa Kaburi

Kabla sijasema lolote, mama uliyekaa karibu na dirisha, naomba unisaidie kulifunga. Asante. Mnisamehe, nyie. Huo upepo una harufu ya mvua, na harufu hiyo bado inanishtua. Nikimaliza mtalifungua.

Haya. Nawasalimu akina mama wa kikundi chetu, na akina baba mliotusindikiza, na wageni wetu wa Katumba na Kabungu. Wengi mnanijua, mimi ndiye yule wa dagaa wa Ikola pale sokoni, yule anayebishana sana. Mwenyekiti ameniomba niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitataja jina la mtu. Nitasema dada, nitasema mama mkwe, nitasema baba watoto. Inatosha.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna wivu wa gari, kuna wivu wa mume, kuna wivu wa nyumba ya bati. Huo ni wivu mdogo. Mimi nilionea wivu kaburi.

Mnacheka? Chekeni tu. Hata mimi ningemsikia mtu anasema hivyo ningecheka.

Niliolewa Kabungu. Baba watoto alikuwa kitinda mimba kwao, na kaka yake aliyemtangulia alikuwa ameshaoa. Walikuwa ndugu wa kufanana mno. Urefu mmoja, mabega yale yale, mwendo ule ule wa kutupa mguu wa kushoto. Mama yao akiwaona kwa mgongo anaita jina la huyu, anageuka yule. Mke wa kaka yake mimi nilimwita dada, maana alinipokea kama dada. Siku niliyoletwa pale, sijui hata kisima kiko upande gani, alinishika mkono akaniambia, "Mwenzangu, mama mkwe wetu ana maneno mengi ila moyo wake hauna shida. Akianza kufoka, wewe pika."

Tulijifungua mwaka mmoja. Nikienda shamba, yeye anamnyonyesha wangu. Yeye akienda kisimani, mimi namnyonyesha wake. Watoto wetu wamekula maziwa ya wote wawili. Sasa niambieni, wivu ungepata wapi pa kukaa?

Ukaja mwaka ambao mahindi yaliungua na jua yakiwa yametoa mbelewele. Wale ndugu wawili wakasema wacha twende Dar es Salaam tukajaribu, tukipata tutarudi na mbegu. Wakapanda treni. Kaka akapata kibarua cha kubeba zege kwenye maghorofa. Wangu akawa fundi viatu kando ya barabara. Wakapanga chumba kimoja kule bondeni, kando ya mto, kwa sababu sokoni ni karibu na wenye nyumba hawana masharti.

Nilimuuliza kwenye simu, "Huko bondeni kuko salama kweli?"

Akacheka. "Mke wangu, humu kuna watu wamezaliwa humu na wamezeekea humu."

Asubuhi ya yale mafuriko alinipigia jua halijatoka. Nilisikia mvua kwenye simu kabla sijasikia sauti yake. Akasema, "Huku tangu jana haipumziki. Maji yamefika magotini. Tunapandisha vitu kitandani." Nikamwambia, "Acheni vitu, tokeni!" Akasema, "Tunatoka. Ngoja nimwinue kaka, ana homa." Simu ikakatika.

Mchana redio ikaanza kusema. Mto umefurika, daraja limefunikwa, watu wako juu ya mapaa ya nyumba. Mimi na dada tulikaa mkeka mmoja, redio katikati yetu, kila mmoja na simu yake mkononi. Napiga, haipatikani. Anapiga, haipatikani. Tukakaa hivyo siku hiyo na siku nyingine zilizofuata, hadi akapiga ndugu mmoja wa huku kwetu aliyekuwa anafanya kazi Dar. Dada ndiye aliyepokea.

Yule ndugu akasema, "Shemeji, kaka amepatikana."

Tuliruka juu, nyie! Tulikumbatiana. Kumbe hakuwa amemaliza. Amepatikana kwenye matope.

Dada alipiga yowe ambalo jirani wa mbali alilisikia. Alipomaliza aliniangalia. Lile jicho lake silisahau. Wake amekufa, wangu bado anatafutwa. Lilikuwa jicho la wivu. Na mimi kimoyomoyo nilisema, asante Mungu, si wangu. Kumbukeni hilo jicho. Siku ile mwenye kitu cha kuonewa wivu nilikuwa mimi.

Jeneza lilifika na lori, limepigiliwa misumari pande zote. Wakatuambia lisifunguliwe, limekaa siku nyingi njiani. Tukalizika uani, kando ya migomba ya mama mkwe. Nililia na dada, nikamfunga kanga kichwani, nikampikia uji. Halafu nikaendelea kusubiri simu yangu.

Ndugu zangu, kusubiri nako kunaoza.

Baba mkubwa mmoja wa ukoo alikwenda Dar, akazunguka hospitali, akazunguka vituo, akarudi mikono mitupu. Redio ikaacha kusema mafuriko, ikahamia kwenye mpira. Matanga ya dada yakaisha. Akanyolewa, akaogeshwa, akapewa wosia na wazee, akavua nguo za msiba. Watu wakimpita wanasema, "Pole mama, Mungu amekupa, Mungu amechukua." Mimi wakinipita wanaangalia chini. Wataniambia nini? Pole ya nini? Siku moja nimepeleka mtoto zahanati, nesi akaniuliza, "Umeolewa au mjane?" Nikakaa kimya hadi akadhani sisikii. Dada alikuwa na jina la hali yake. Mimi sikuwa nalo.

Wivu ukaingia taratibu, kama mchwa. Nikiamka asubuhi namkuta dada anafagia kaburi. Anang'oa majani, anamwagia maji yale maua, halafu anakaa pale kidogo, anaongea. "Mtoto wako kaanza kusoma. Mbuzi kazaa." Anamwambia mumewe habari za nyumbani, mimi nimesimama na ndoo yangu nasikiliza. Nikajiuliza, mimi za kwangu nimwambie nani? Nikaanza kuamka mapema zaidi yake, si kwa wema, ni ili nisimkute pale.

Kisha watoto. Walikuwa wanacheza, wakagombana, na mtoto wa dada akamwambia binti yangu, "Sisi baba yetu yupo pale. Wa kwenu yuko wapi?" Mtoto hajui anachosema, najua. Lakini binti yangu alikuja akanishika nguo: "Mama, na sisi tununue kaburi." Siku hiyo nilimchapa mtoto wa dada. Yule yule niliyemnyonyesha.

Na sokoni wakaanza. "Huyo hajafa. Kapata mwanamke wa mjini, mafuriko yamemfungulia mlango." Mnajua watu wetu. Nikawa na wivu wa pande mbili sasa. Huku namwonea wivu mjane kwa kaburi lake, kule namwonea wivu mwanamke nisiyemjua, pengine hayupo kabisa duniani. Nilimchora kichwani mwangu. Nikampa kucha ndefu, nikampa kitanda cha futi sita. Nikamchukia. Halafu, wapendwa, siku nyingine nilipiga magoti nikaomba awepo. Kama yupo yeye, basi baba watoto yu hai. Mwanamke gani anamwomba Mungu mume wake awe na mwanamke mwingine? Ni mimi.

Wazee wakasema wazike mgomba badala yake, kama inavyofanyika mtu akipotea. Nikakataa. Nilisema nikizika mgomba nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu.

Ikafika siku ya kujengea kaburi la kaka. Saruji imeletwa, ukoo umekusanyika, mimi nimepangiwa kupika. Mama mkwe alikuwa amekaa chini pale pale kaburini, anapapasa udongo na kulia, "Mwanangu, mwanangu." Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikautupa, nikasema mbele ya wote, "Kila siku mwanangu mwanangu! Ulizaa mmoja? Wa kwangu aliokotwa jalalani?"

Watu wote waligeuka. Hata fundi aliacha kuchanganya. Dada akaja kunishika, nikamsukuma akaangukia mchanga wa saruji. Kesho yake nilichukua mtoto wangu na godoro, nikahamia Mpanda mjini. Sikumuaga mtu.

Nikawa mama wa dagaa. Mchana nauza, jioni nafunga mlango. Kila habari ya mji mkubwa ikitajwa redioni, sijui mji gani umetikiswa na tetemeko, soko gani limeungua, wenzangu wanasikiliza waliokufa ni wangapi. Mimi nilikuwa nasubiri maneno ya mwisho: "wengine hawajulikani walipo." Yakisemwa hayo nilikuwa najua kuna mwanamke mahali fulani, haongei lugha yangu, ameshika simu. Huyo ndiye ndugu yangu. Dunia ikishamaliza kuwahesabu waliopatikana, inaendelea na mambo yake. Sisi tunabaki pale pale kwenye maneno ya mwisho.

Kisha nikasikia kwamba dada anachumbiwa. Mwanaume mtu mzima, mfugaji, kaja kwa heshima na wazee wake. Hapo ndipo nilipoungua kabisa. Yeye ameruhusiwa kulia, ameruhusiwa kumaliza, sasa ameruhusiwa kuanza tena. Nikasema basi, na mimi nakwenda kumtafuta wangu, awe mzima, awe maiti, awe na yule mwanamke wa kucha ndefu. Nikamwacha mtoto kwa jirani, nikapanda treni.

Dar es Salaam ilikuwa haina habari na mimi. Nilifika lile bonde nikitegemea kukuta kilio, nikakuta vijana wanacheza mpira. Magari yanapita darajani, mtu anauza miwa. Nyumba nyingine zimebomolewa, nyingine zina alama nyekundu ya kubomolewa, na ndani mna watu wanapika. Mto wenyewe ulikuwa kijito cha kuruka. Nilisimama nikautazama kwa hasira. Huu ndio uliotufanyia yote yale?

Nikaulizia, nikaelekezwa kwa bibi mmoja anayeuza vitumbua. Ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wao. Amehamishiwa kiwanja mbali nje ya mji, lakini kila siku anarudi bondeni kuuza, anasema kule hajui mtu. Nilipomtajia wale ndugu wawili wa Mpanda, aliweka chini upawa.

Nilianza na lile lililokuwa linaniuma. Nikamuuliza, "Bibi, alikuwa na mwanamke?"

"Mwanamke gani? Walikuwa wanakula sufuria moja na kaka yake, wakimaliza wanakusema wewe na mwenzako."

Akanisimulia. Alfajiri ile maji yalipopanda, baba watoto alimtoa yule bibi kwanza, akambeba mgongoni hadi juu barabarani. Alikuwa ameshafika pakavu. Watu wakamwambia usirudi. Akasema, "Kaka ana homa, hawezi kuogelea." Akarudi. Bibi aliwaona wametoka mlangoni wameshikana, mmoja kamzungushia mwenzake mkono. Kisha ukuta wa jirani ukaanguka, maji yakaja kwa kishindo, hakuwaona tena. Mjukuu wa yule bibi naye alikwenda na maji hayo hayo. Hajapatikana mpaka leo.

"Huu mto, mwanangu," aliniambia, "hausahau njia yake. Nikiwa msichana ulikuja. Nikiwa na watoto ulikuja. Kila ukija watu wanalia, wanahama, halafu wanasahau, wanarudi. Wenyewe tu ndio hausahau."

Tulilia pale mbele ya wateja wake. Alinipeleka mahali mto unapoingia baharini, mahali anapokwendaga yeye, tukasimama kidogo. Sikuona cha kuona.

Mtadhani nilirudi na amani. Hapana! Kwenye treni nilikuwa nawaka. Wangu alikuwa pakavu. Wangu alikuwa mzima. Alimfuata wa dada, akafa kwa ajili ya wa dada, halafu wa dada ndiye akapata kaburi na saruji na maua! Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumchoma nayo. Sikupitia hata nyumbani. Nilishuka Mpanda, nikapanda bodaboda hadi Kabungu.

Nilimkuta anapepeta mahindi uani. Akasimama kwa furaha. "Mwenzangu, umerudi!"

Sikumsalimia. Nikammwagia yote. Nikamalizia, "Mume wangu amekufa kwa sababu ya mume wako. Na wewe unaolewa!"

Dada aliweka ungo chini. Hakulia. Akanishika mkono, kama siku ile ya kwanza, akanivuta hadi kaburini. "Kaa." Nikakaa.

Akasema, "Mimi sijui humu ndani yumo nani."

Akaigusa saruji kwa kiganja.

"Lile jeneza hatukulifungua. Siku ya maziko nilimuuliza yule ndugu aliyetupigia simu, ndiye aliyemtambua: uliona uso? Akaniambia, 'Shemeji, uso haukuwa wa kuangalia tena. Nilimjua kwa koti lake la kazi, lile la rangi ya chungwa.' Mwenzangu, lile koti lilikuwa la nani?"

Nikakumbuka. Baba watoto alinitumia picha moja tu kutoka Dar. Amesimama kwenye kigenge chake cha viatu, anacheka, amevaa koti la rangi ya chungwa. Walikuwa wanalivaa kwa zamu, anayetoka mapema ndiye analo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenichukulia kaburi," alisema. Hapo ndipo akaanza kulia. "Nilikuona unasubiri simu, nikakuonea wivu. Nikasema huyu ana tumaini, na mimi niwe na kitu changu. Kila asubuhi nafagia hapa, naongea na mume wangu, na kila asubuhi naogopa labda naongea na wako. Unadhani nilikuwa naamka na amani? Hata huyu mchumba nimemwambia asubiri. Namuacha nani nyuma, mimi sijui."

Miaka yote ile nilikuwa nalitamani kaburi lake, naye analishikilia kwa kucha, na hakuna kati yetu aliyekuwa nalo.

Mama mkwe alikuwa ametoka ndani, amesimama kwenye migomba. Sijui alisikia kuanzia wapi. Nilidhani atatufokea. Akaja akakaa kati yetu polepole, magoti yanamuuma, akasema, "Wewe uliniuliza siku ile kama nilizaa mmoja. Hukungoja jibu. Nilikuwa na wana wawili, nikapewa mahali pamoja tu pa kulilia. Mnadhani nilipokuwa nasema mwanangu, mwanangu, nilikuwa namwita mmoja mara mbili?"

Jamani.

Tulikaa pale watatu hadi mahindi ya dada yakaliwa na kuku.

Baadaye wazee waliuliza kama tunataka kaburi lifukuliwe, kuna vipimo siku hizi. Tulikataa wote watatu. Tulimwita fundi, akachonga msalaba mpya wenye majina mawili. Padri akaja, misa ikasomwa ya ndugu wawili, na mimi nikavaa nguo za msiba wangu, nikanyolewa, na dada ndiye aliyeshika wembe. Binti yangu alilala usingizi mzito siku hiyo, mtoto ambaye alikuwa anashtuka kila wingu likinguruma. Mimi bado nashtuka, mmeona wenyewe. Lakini nikiulizwa sasa, najibu. Mimi ni mjane.

Nawashukuru. Namshukuru yule bibi wa vitumbua, hayupo hapa, Mungu ampe na yeye pa kulilia. Namshukuru jirani aliyekaa na mwanangu. Na nawashukuru nyie wa kikundi hiki cha wajane, maana nilipokuja kuomba kujiunga, bado sina msalaba, sina cheti cha kifo, nikasema labda sistahili, mwenyekiti alinijibu, "Kaa hapa, mama. Sisi hatukagui makaburi." Nilianza kupona kwenye kile kiti cha plastiki mlichonisogezea, kabla hata sijakwenda Dar.

Mkiniuliza wivu umekwisha, nitawadanganya nikisema ndiyo. Dada ameolewa na yule mfugaji mwaka huu. Nilimpamba mimi mwenyewe, na nikiwa namfunga kilemba niliusikia wivu unanichoma hapa, kifuani. Nikamwambia, "Nakuonea wivu, dada." Akaniambia, "Najua. Usinikaze shingo." Tukacheka. Wivu ukisemwa kwa mdomo unapungua nguvu. Ukiufungia ndani peke yako ndio unaota kucha ndefu. Kwa hiyo kama kuna mtu unamwonea wivu hadi huli, nenda ukakae naye karibu, mkeka mmoja. Muulize amebeba nini.

Mimi nimefika mwisho. Dada yuko hapa, nimekuja naye, na haya yote nimeyasema kwa ruhusa yake. Ndiye yule pale nyuma wa kitenge cha kijani anayejifuta macho. Naona jinsi mlivyoanza kugeuka kumtazama. Tukitoka nje najua mtamkimbilia kumpa pole, kama kawaida yenu.

Leo naomba muanze na mimi.